Kuamka saa tisa na nusu alfajiri hakukunisaidia. Muda wa kujitunza nimeupata kwa kuuomba

Mleta uzi:

Habari zenu wakuu. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Nimeuandika kichwani tangu mwaka jana, na kila nilipotaka kuuweka niliona bado sijapata la kusema. Sasa ninalo.

Mimi ni mhasibu kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, hapa Dar. Nina miaka 36, nimeolewa, tuna watoto wawili: mmoja yuko darasa la pili, mwingine ana miaka mitatu. Nakaa Mbezi, ofisi iko Posta. Anayeijua njia hiyo hahitaji maelezo. Ili niwe mezani saa mbili kamili, nilikuwa naamka saa kumi kamili, natoka saa kumi na moja na nusu, na jioni naingia mlangoni saa mbili usiku kama mvua haijanyesha. Mwisho wa mwezi tunapofunga hesabu, saa nne. Nikifika kuna madaftari ya mtoto, kuna simu ya mama yangu kijijini, kuna rejesho la kikoba, na kuna grupu la kazi la WhatsApp ambalo halilali.

Siku moja mwezi wa nne nilishuka Kimara niunganishe daladala ya Mbezi. Daladala ikaja, watu wakagombania, mimi nikabaki nimesimama. Ikaja nyingine, vilevile. Nikaenda kukaa kwenye ukingo wa zege karibu na muuza mahindi ya kuchoma. Sikuwa mgonjwa, sikuwa na msiba, sikuwa nimegombana na mtu. Nilikaa pale dakika 40 nikitazama mahindi yanavyogeuzwa. Simu iliita mara tatu, sikupokea. Nilipoinuka ndipo nikaelewa kilichonikalisha: katika siku yangu nzima, pale palikuwa mahali pekee ambapo hakuna mtu aliyekuwa ananidai kitu.

Niliogopa, wakuu. Nawapenda watoto wangu, nampenda mume wangu, kazi yangu naiweza na ninaitaka. Na bado miguu ilikataa kwenda nyumbani.

Wiki ileile nikapima presha duka la dawa: 158/98. Nikaenda kituo cha afya. Daktari akasema presha haihukumiwi kwa kipimo kimoja, akanirudisha siku tatu tofauti, na zote zikawa juu ya 140/90. Halafu akaniuliza maswali ambayo sikuyatarajia. Unalala muda gani? Mchana unakula wapi? Mara ya mwisho likizo ulichukua lini? Usingizi ulikuwa saa tano, siku nyingine nne na nusu. Likizo sikuwa nimechukua tangu nilipomaliza ile ya uzazi ya mtoto wa pili.

Nikaanza kutafuta ushauri wa namna ya kujitunza. Kila nilikogusa nilikuta jambo lilelile: amka kabla ya watu wote, saa hiyo ya alfajiri ndiyo yako, fanya mazoezi, sali, soma. Nikajaribu kwa moyo wote. Kwa wiki tatu nilikuwa naamka saa tisa na nusu. Wiki ya tatu nikaingiza malipo ya mteja mmoja mara mbili na nikasinzia nimeshika kalamu. Mtu mzima anahitaji kulala saa 7 au zaidi. Anayelala saa tano, ukimwambia aamke mapema zaidi, unamwambia achote kwenye mtungi ambao umeshakauka. Ushauri huo unamfaa anayelala saa tatu usiku, na mimi saa hiyo nilikuwa bado naosha vyombo.

Kilichonisaidia ni kuketi na karatasi na kuandika muda wangu uko kwa nani. Ni kazi ya kihasibu, ndiyo niliyosomea. Nikaona kwamba haujapotea. Upo, ila uko mikononi mwa watu. Saa ya chakula cha mchana anayo mwajiri. Saa mbili za usiku zinaliwa na grupu la kazi. Alfajiri imekwenda kwenye sare, uji na chai. Jumapili yote imekwenda kwenye shughuli za watu. Na wengi wao sikuwahi kuwaomba wanirudishie. Nilikuwa nasubiri waone wenyewe kwamba nimechoka.

Nikaanza na kazini. Nilisoma kwanza Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, maana sikutaka kwenda kubembeleza kitu ambacho ni haki yangu. Inasema kazi ya kawaida isizidi saa 45 kwa wiki wala saa 9 kwa siku. Saa za ziada zinahitaji makubaliano, na zisizidi 50 katika wiki nne. Ukifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, unapaswa kupata mapumziko ya dakika 60. Kila wiki saa 24 za kupumzika. Kila mwaka likizo ya siku 28 yenye malipo. Mimi miaka minne nilikuwa nakula chipsi mezani kwa dakika saba, mkono mmoja kwenye kompyuta.

Sikwenda kwa bosi na sheria mkononi. Nilimwambia: "Naomba kuanzia kesho, saa saba hadi saa nane nisiwepo mezani. Kazi ya siku itakamilika." Akaniangalia, akasema, "Kwani kuna aliyekukataza?" Basi. Jambo nililoliogopa miaka minne lilichukua dakika tatu. Kuhusu mwisho wa mwezi hatukukubaliana kirahisi. Bado nachelewa siku hizo mbili, ila siku inayofuata naingia saa nne asubuhi.

Sasa saa saba nakula kwa mama lishe, nimekaa kwenye benchi, ugali na samaki na mboga. Halafu natembea hadi Kivukoni kutazama pantoni inavyovuka, narudi. Ni dakika 25 hivi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kwa siku tano napata 125, zinazobaki nazimalizia Jumamosi nikienda sokoni kwa miguu. Hakuna jimu, hakuna viatu vipya.

Simu inalala sebuleni. Nimenunua saa ndogo ya mezani ya kuniamsha, maana kisingizio changu kilikuwa alamu.

Nyumbani ndiko palikuwa pagumu. Nilikuwa na hasira na mume wangu kwa kitu ambacho sijawahi kumtamkia. Nilidhani nimeshakisema kwa kubamiza masufuria. Nilipomkalisha nikamweleza habari ya Kimara na yale mahindi, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mbona hukuniambia?" Yeye ni fundi umeme, kazi zake zinaanza saa tatu. Akachukua asubuhi yote: kuogesha, sare, uji, kumfikisha mkubwa kwenye gari la shule. Wiki ya kwanza mtoto alikwenda na soksi mbili za rangi tofauti. Nilijizuia nisiseme, na ninawashauri kina mama wenzangu mjizuie hapo. Ukimsahihisha mtu soksi, kesho anakurudishia kazi yote.

Sasa naamka saa kumi na moja kasoro robo, na saa nne kasoro robo usiku nimelala. Jumapili kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja jioni siko kwa mtu yeyote. Mara nyingi nakwenda kwa jirani kusukwa. Presha mwezi uliopita ilikuwa 132/84. Sisemi usingizi unatibu presha. Wapo wanaohitaji dawa, na ukiandikiwa dawa tumia. Nasema yaliyonipata mimi.

Nawasikiliza. Ninyi mnafanyaje?

Nesi wa zamu:

Asante dada kwa uzi huu, umenitoa machozi pale kwenye mahindi.

Mimi niko wodini mwaka wa tisa. Watu wanadhani kuchoka ni mwili kuuma tu. Kwangu dalili ya kwanza ilikuwa kuanza kuwachukia wagonjwa. Mtu anaita "nesi, nesi" mimi napita kama sijasikia, na moyoni nasema ngoja aite. Mtoto wa watu ana homa na mimi sihisi chochote. Nilijiona nimekuwa mtu mbaya, nikaomba toba kabisa. Baadaye nikaja kusoma kwamba Shirika la Afya Duniani mwaka 2019, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lilieleza hali hii ya kuungua kwa kazi. Si ugonjwa, ni hali inayotokana na msongo wa kazi uliodumu bila kudhibitiwa, na ina sura tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na kujiona huwezi tena. Ile ya pili ndiyo iliyonipata. Nasema wazi hapa kwa sababu najua kuna wauguzi na walimu wanaosoma wakijiona wamelaaniwa.

Na muichukulie kwa uzito. Mwaka 2021 shirika hilo na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio kwamba mwaka 2016 watu 745,000 duniani walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kutokana na kufanya kazi saa nyingi. Anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, hatari yake ya kupata kiharusi ni asilimia 35 juu ya mwenye saa 35 hadi 40. Nimewapokea watu hao. Wengine ni vijana, na wamekuja na kitambulisho cha kazi shingoni.

Kwetu zamu za usiku ndizo zinazotumaliza. Mchana ukilala mtaa mzima hauelewi: jirani anagonga anaomba chumvi, watoto wa majirani wanapiga mpira ukutani. Nilichofanya ni kushona pazia la vitenge viwili vizito, na nikaenda nyumba nne za jirani kuwaambia, "Ukiona kanga nyekundu imefungwa mlangoni, nimetoka zamu." Wanaheshimu hadi leo. Kuna mama mmoja huwa anawafukuza wale wa mpira kwa niaba yangu.

Kondakta:

Nimesoma yote. Dada, haya yako mazuri lakini ni ya mtu mwenye meza na bosi. Sisi gari linatoka saa kumi alfajiri na tunapaki saa tano usiku. Tajiri anataka hesabu yake kila siku, liwe limejaa au limekaa kwenye foleni. Ukipumzika siku moja, siku hiyo hujala. Sasa mimi nikaombe muda kwa nani?

Mleta uzi:

Kaka, umenishika pagumu na sitaki kukujibu kwa maneno matupu. Sheria niliyoitaja hapo juu kwenye kazi za namna yako mara nyingi haionekani hata karatasi.

Naweza kusema nilichokiona kwa mama yangu. Aliuza maandazi na chai kijiweni miaka 20. Bosi hakuwa naye, lakini alikuwa na mwenzake wa meza ya pili, na walikuwa washindani kweli, wanagombea wateja walewale. Mwaka mmoja wote wawili waliugua kwa kupokezana. Walipopona wakakubaliana: Jumatano mama hafungui, wateja wote kwa mwenzake, Alhamisi mwenzake hafungui. Mwanzoni kila mmoja alihofia kuibiwa wateja. Ikakaa hivyo hadi mama alipoacha biashara. Jumatano ndiyo siku ninayomkumbuka mama akicheka.

Kondakta:

Hapo nimekuelewa. Sisi tuna deiwaka, yule wa kushikia gari kwa siku, na kawaida tunampa gari siku tukiwa na msiba au tunaumwa. Mimi na dereva wangu tutakaa tuone kama tunaweza kumwachia Jumapili moja na moja. Jumapili abiria wachache, hata hasara yake ni ndogo. Mgongo wangu wa chini unauma mwaka wa tatu sasa.

Nesi wa zamu:

Kaka kondakta, huo mgongo usisubiri deiwaka. Nenda ukaonwe wiki hii.

Baba wa watatu:

Na mimi niseme upande wetu wanaume, maana tunasoma na kupita.

Mimi nilidhani napumzika. Nikitoka kazini saa kumi na mbili napitia baa, nakaa na jamaa hadi saa tano. Nikiulizwa nasema najipa nafasi, nimechoka. Nikawa nalala saa sita, naamka na kichwa kizito, nimetumia hela ya ada, na lile lililokuwa linanisumbua kazini liko palepale. Miaka sita. Siku niliyogundua kwamba sipumziki ni siku baa ilipofungwa kwa ukarabati. Nikarudi nyumbani mapema, mtoto wangu wa mwisho akamuuliza mama yake, "Baba anaumwa?"

Siwahukumu wanaokunywa. Ila kupumzika kwangu kulikuwa kukimbia, na mtu akikimbia kutwa usiku anakuwa hoi. Sasa Jumanne na Alhamisi nacheza mpira na maveterani wa mtaani, nusu saa ya kukimbia na nusu saa ya kukaa nyasini tukizungumza. Kuna mambo nimewaambia watu wale pale nyasini ambayo baa sikuwahi kuyatamka kwa sababu ya muziki.

Dada wa Mombasa:

Hamjambo nyote. Mimi niko Mombasa, kazi yangu ni ya hoteli, jikoni. Sheria yetu ya Ajira ya 2007 yatupa siku 21 za kazi za likizo kwa mwaka na siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Tatizo letu ni kuwa msimu wa wageni ukija, hiyo siku moja yahesabiwa kama hisani.

Lakini nilitaka kusema kuhusu kusukwa. Dada, umelitaja upesi ukapita, na mimi naona ndilo kubwa. Watu husema mama zetu walifanya kazi bila kupumzika, mbona hawakulalamika. Si kweli. Nyanya yangu alfajiri alikuwa shamba, lakini adhuhuri ikisha swaliwa, hakuna aliyemgusa hadi alasiri. Mkeka ulitandikwa ukumbini, watu wakajinyosha. Jioni barazani wanawake walisukana, wakapakana hina, wakazungumza. Ile haikuitwa kujitunza, iliitwa jioni. Sisi tumechukua kazi zao zote za nyumba tukaongeza za ofisi, na ile jioni tukaiuza.

Mleta uzi:

Dada yangu wa Mombasa, nimeusomea mume wangu ujumbe wako kwa sauti. Kule kusukwa, mikono ya mtu kichwani, na hakuna anayeweza kukutuma kwa sababu nywele ziko nusu. Kweli nililipitia haraka.

Msimamizi:

Mimi nasimamia watu 14 na ndiye yule anayetuma ujumbe kwenye grupu saa nne usiku. Nilikuwa natuma ili nisisahau, sikutegemea mtu ajibu usiku. Kijana mmoja akaniambia siku anaacha kazi kwamba kila simu ikilia usiku moyo wake unaruka. Sikuwahi kumtishia, lakini mimi ni bosi, na ujumbe wa bosi hausomwi kama wa rafiki. Sasa naandika kwenye daftari, natuma saa mbili na nusu asubuhi. Wasimamizi wenzangu, tusisubiri kuombwa.

Mchangiaji mgeni:

Sijawahi kuandika, huwa nasoma tu. Nina swali moja kwa mleta uzi. Umesema mumeo anafanya asubuhi, wewe Jumapili una saa mbili zako. Mna dada wa kazi? Kama yupo, yeye anapumzika lini? Nauliza kwa sababu mimi nilikuwa dada wa kazi miaka saba kabla sijajifunza cherehani.

Mleta uzi:

Nimekaa na swali lako siku mbili. Ndiyo, tuna binti anayetusaidia, na sikumtaja hata mara moja katika uzi wote. Hilo peke yake limenijibu.

Nilipoanza kulala mapema, vyombo vya usiku vilihamia kwake. Saa zangu mbili za Jumapili, yule mdogo alikuwa anabaki naye. Ile karatasi niliyoandika muda wangu uko kwa nani, wa kwake sikuuandika, na mwenye kuushika ni mimi. Zile saa 24 za wiki ambazo sheria inampa mfanyakazi, nilizisoma nikajiona mimi tu.

Juzi nilikaa naye nikamwomba radhi. Alishtuka, akadhani namwachisha kazi. Tumepanga hivi: vyombo vya usiku ni vya mume wangu na mimi kwa zamu, yeye saa tatu amemaliza. Na ana siku yake nzima kila wiki, kuanzia Jumamosi jioni hadi Jumapili jioni. Saa zangu za kusukwa nimezihamishia Jumamosi mchana, mume akiwepo.

Mchangiaji mgeni:

Asante kwa kunijibu. Mpe na nauli.

Mleta uzi:

Nauli nimempa, haitoki kwenye mshahara wake.

Mrejesho wa mwisho kwa waliouliza kuhusu likizo: nimeomba siku zangu 28, tumekubaliana nichukue 14 mwezi wa nane na zilizobaki Desemba. Sisafiri. Nitakaa nyumbani, nimpeleke mkubwa shule mwenyewe, nijue hata jina la mwalimu wake.

Na leo ni Jumapili. Binti ameondoka asubuhi na rafiki yake, wamevuka Kigamboni kwenda baharini. Amevaa gauni ambalo sikuwahi kuliona. Mimi niko jikoni, mdogo amenishika sketi, mchele uko motoni.